Mdogo Wangu, Sehemu Gani ya Kazi Hiyo ni Yako?

  

Swali la mwezi huu limenijia kwa sura nyingi lakini ni lilelile. Binti wa Kayole anayepakia sabuni kwenye katoni huko Industrial Area anasema kila jioni akivua ovaroli anahisi hajafanya kitu. Kijana anayeuza viatu Gikomba, kibanda si chake na mtaji si wake, anasema siku hizi mteja akiuliza bei anaona kama amemsumbua. Mwalimu wa shule ndogo ya kibinafsi kule Umoja anapenda watoto, lakini kengele ya asubuhi ikilia moyo unamwanguka. Halafu yuko kijana wa Donholm, wa shifti ya usiku, anayejibu simu za wateja wa nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Yeye aliuliza kwa maneno matatu tu: hamu iliishia wapi?

Nianze na ushauri ambao hamtaupata hapa. Sitawaambia muamke saa kumi alfajiri. Hawa wanaotuhubiria habari ya kuamka mapema hawajawahi kusimama steji ya Kayole kabla jua halijatoka. Eastlands iliamka zamani. Kuna watu wanashuka Jogoo Road kwa miguu gizani, wengine wanakatia Donholm hadi Lunga Lunga, ili nauli ibaki nyumbani igeuke unga. Kama siri ya mafanikio ingekuwa kuamka mapema, Kayole ingekuwa inawapangishia watu wa Runda nyumba.

Wala sitawatupia "kazi mbaya si mchezo mwema" kisha niwaache hapo. Methali ina ukweli wake, ila mara nyingi huletwa na mtu ambaye hiyo kazi mbaya haifanyi yeye.

Tuulizane kwanza hamu imeondokaje, maana watu wengi wanatibu ugonjwa ambao hawana. Chukua uchovu. Uchovu na kukosa hamu vinafanana sura mpaka aliye navyo huvichanganya. Ukitaka kuvitofautisha, hesabu siku yako kuanzia mlangoni kwako, si kuanzia getini kwa bosi. Kwenye ploti nyingi za huku kwetu maji yanafunguliwa usiku, kwa hiyo mwanamke anakesha akijaza mitungi, anafua, anaandaa watoto wa shule, anapigana na matatu ya Outering, ndipo anafika kazini na kuambiwa na supavaiza kwamba hana moyo wa kazi. Mama wa watu tayari ameshamaliza shifti moja! Huyo usimpe hotuba, mpe usingizi.

Na hapa sheria iko upande wenu kuliko mnavyodhani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12 aliyofanya. Nawajua watu wanaojisifu kwamba miaka inapita bila wao kuomba likizo, kana kwamba kuna medali wanangoja. Omba likizo yako. Si lazima upande basi kwenda ushago ukarudi umechoka zaidi na mfuko umetoboka. Kaa Kayole yako, lala mchana, keti nje na majirani, nenda ukaangalie mpira. Kama baada ya mapumziko ya kweli kuna jambo hata moja kazini unalolikumbuka bila kukunja uso, basi ulikuwa umechoka tu, na mengine utakayosoma hapa ni ya ziada kwako.

Kuna wengine ambao hawajachoka. Wamekasirika, ila wameambiwa waite hasira hiyo ukosefu wa motisha.

Tupige hesabu kidogo, msinikimbie. Agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024 lilisema kibarua wa kawaida Nairobi asilipwe chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi, marupurupu ya nyumba yakiwa kando. Chukua kiasi hicho peke yake. Toa asilimia 6 ya NSSF, toa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA, toa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba za serikali. Unabaki na kama 14,460. Sasa lipa chumba, lipa nauli, nunua unga na mafuta ya kupikia, tuma kidogo kwa mama. Halafu mtu aje akuulize mbona hutabasamu kazini? Na hapo tunazungumzia mwajiri anayefuata agizo. Wako wengi wasiolifuata, na wako wanaokata NSSF kwenye mshahara wako lakini pesa hazifiki kunakohusika. Ndiyo maana nasema dai karatasi ya mshahara inayoonyesha kila kinachokatwa. Ni haki yako kisheria, si hisani ya mhasibu. Kisha ulizia akiba yako ya NSSF mwenyewe ujue kama imeingia.

Nyinyi mnaosimama getini kila asubuhi kungoja kuchaguliwa, nisikilizeni pia. Sheria hiyohiyo ya Ajira, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja hahesabiki tena kuwa mtu wa kutwa. Anageuka mfanyakazi wa mwezi. Kuna waajiri wanaolijua jambo hili vizuri sana, ndiyo sababu wanakuambia upumzike wiki moja kisha urudi, mwaka baada ya mwaka. Andika tarehe unazofanya kazi kwenye daftari lako, kila siku, pamoja na jina la aliyekupangia. Siku ya ubishi, daftari huzungumza.

Watu wa upande wetu huu wa jiji wanayo historia ya hasira kama hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Tom Mboya alikuwa kijana mdogo tu, mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi. Alikuwa amesomea kazi yake na kufuzu, lakini alilipwa kidogo sana kuliko mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi hiyohiyo. Mwenyewe alisimulia baadaye jinsi mwanamke mmoja wa Kizungu alivyoingia ofisini na maziwa ya kupimwa, akamtazama Mboya aliyekuwa ameketi pale, kisha akauliza kama kuna mtu humo ndani. Fikiria kurudi kwenye meza hiyo kesho yake. Angeweza kuamua kwamba tatizo ni lake, kwamba hana ari ya kutosha. Badala yake aliwakusanya wenzake, chama chao cha watumishi kikageuka kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na kutoka hapo akapanda hadi kuongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Mwishowe akawa mbunge wa hapa Nairobi mpaka alipouawa tarehe 5 Julai 1969.

Msiseme hayo ni ya kale. Tarehe 1 Mei 2023, papa hapa Nairobi, zaidi ya vijana 150 wanaofanya kazi ya kuchuja picha na video chafu za mitandao ya kampuni za ng'ambo walikutana wakapiga kura kuunda chama chao. Walikuwa wakitazama mauaji na ukatili kwenye skrini kutwa nzima kwa malipo madogo, na walikuwa wameambiwa sana habari za kujituma. Kijana wangu wa Donholm, najua simu si video za mauaji. Hata hivyo jiulize: hamu yako iliisha yenyewe, au kuna mtu aliyekuwa akiimega?

Hasira ya namna hiyo usiipeleke kwa mhubiri akuombee ikuondoke. Ina kazi ya kufanya. Na kama kilichokuondolea hamu ni supavaiza anayetaka "ukae naye vizuri" ndipo akupangie shifti, dada yangu, hapo hatuzungumzi motisha hata kidogo. Hilo ni kosa kisheria. Weka ujumbe wake, mwambie mtu unayemwamini tarehe na saa, na kama mwajiri ana wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa awe na utaratibu ulioandikwa wa kushughulikia unyanyasaji wa kijinsia. Uulizie.

Haya. Sasa tuseme umelala, mshahara hautoshi lakini unalipwa unavyostahili, hakuna anayekusumbua, na bado moyo umelala chali. Binti wa sabuni, nadhani wewe ndiye uliye hapa. Kwako nina swali moja, na ndilo nimekuja nalo leo: sehemu gani ya kazi hiyo ni yako?

Kila jioni unapotoka kiwandani askari anakupekua. Anapapasa mifuko, anafungua mkoba, anaangalia hata kikopo cha chakula. Sabuni si yako, katoni si yako, ovaroli yenyewe si yako. Basi nataka uwe na kitu unachopita nacho getini ambacho mikono ya askari haiwezi kukigusa. Ujuzi wa mashine. Mazoea ya hesabu. Jicho la kutambua kasoro. Jina lako midomoni mwa watu kwamba fulani akishika jambo limeshikika. Mtu akiwa na kitu cha namna hiyo, siku yake ina maana hata kama kazi ni ya kuchosha. Asipokuwa nacho, hata ofisi yenye kiyoyozi inamzeesha.

Nenda Kamukunji siku moja uangalie ninachosema. Utausikia mtaa kabla hujauona, nyundo juu ya bati kutoka asubuhi mpaka jioni. Masanduku ya shule ya wale wanaoingia sekondari yanatoka pale, makarai, mikokoteni ya mkono, sufuria za hoteli, majiko. Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake kuhusu ajira Kenya mwaka 1972, watu wa aina hii ndio waliofanya wataalamu waanze kuzungumza kwa uzito juu ya sekta isiyo rasmi. Mpaka hapo serikali ilikuwa inawaona kama takataka za mjini. Mwaka 1985 Rais Moi alifika pale akaagiza wajengewe mabanda, na jua likapungua kidogo kichwani mwa baadhi yao.

Tazama jiko. Hili jiko la makaa lililo jikoni kwa mama yako, lenye kiuno chembamba na udongo uliochomwa ndani, halikushuka kutoka mbinguni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahandisi, Maxwell Kinyanjui akiwa miongoni mwao, walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand na kulifinyanga upya kwa matumizi ya hapa kwetu. Jiko la bati tupu la zamani lilikuwa linakula makaa na kuchoma miguu ya watu. Kile kiuno si urembo: kinapunguza uzito wa udongo na kinafanya jiko lisimame imara unaposonga ugali. Lakini michoro ya wahandisi haipiki chochote. Ilibidi mafundi wa Shauri Moyo wachukue bati la mapipa makuukuu, walikate, walikunje, walifunge bila welding ya maana, mpaka likawa kitu cha kuuzwa kwa bei ambayo mama wa Kaloleni angeimudu. Leo majiko ya ukoo huo yako Afrika Mashariki nzima na kwingineko.

Fundi yule anakata bati lilelile kila siku. Kazi yake inajirudia kuliko yako, mdogo wangu, na kelele zinamla masikio, na hana likizo, na askari wa kanjo wakija anakimbia. Sitaki umwonee wivu. Ila muulize akuonyeshe majiko kumi ya mafundi tofauti, utashangaa: lake atalitambua kwa mkunjo. Anaona mwisho wa kazi yake, anamwona mnunuzi akiligonga kwa kidole, anabishana naye bei uso kwa uso. Wewe huoni sabuni ikimfikia mtu. Inapita mbele yako, inaingia kwenye katoni, inaondoka. Ndiyo maana jioni unahisi hujafanya kitu, na hisia hiyo haina uongo wowote. Basi ule mwisho wa kazi ambao kiwanda hakikuonyeshi itabidi uutengeneze mwenyewe, kwa kipimo chako.

Kwa mfano, mashine. Ile inayofunga katoni hukwama, na ikikwama mnasimama wote mnamngoja fundi wa mitambo. Kaa karibu naye. Uliza kwa nini imekwama, mshikie tochi, mletee spana. Baada ya muda utajua sauti inayotangulia kabla haijakwama. Hapo kazi yako imegeuka, ingawa cheo ni kilekile. Na usiishie hapo. Pale pale Industrial Area, Commercial Street, yako makao ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Wanatoa mitihani ya ufundi kuanzia daraja la tatu kupanda hadi la kwanza, na mtu aliyejifunzia kazini anaweza kuifanya bila kupita chuo. Karatasi hiyo ni yako, hata kiwanda kikifungwa kesho.

Kijana wa Gikomba, wewe una bahati usiyoiona. Kibanda ni cha mwenyewe, lakini wateja wanamfuata nani? Mtumba ukifunguliwa alfajiri na watu wakaruka kugombea kamera, yaani vile vilivyo bora zaidi, nani anajua kwamba yule mama wa Buruburu anataka viatu vya ngozi namba 39 na hapendi kisigino? Ukijua wewe, hicho ni chako. Anza daftari: jina, namba ya simu, saizi, anachopenda. Jifunze ngozi halisi kwa kuipinda na kuinusa, jifunze ni soli gani inayopasuka baada ya mwezi ukamwambie mteja ukweli. Siku utakayopata mtaji wako, hata wa marobota mawili, hutaanza na sifuri. Nikiwa hapohapo Gikomba niseme jambo linaloniudhi. Soko lile limeungua mara nyingi; moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Kila linapoungua watu wanarudi kupiga misumari, na magazeti yanawasifu kwa ustahimilivu. Mimi sitaki hamu ya kazi ya mtu ipimwe kwa idadi ya mara alizounguliwa akarudi. Wangepewa njia pana za zimamoto, wangehitaji sifa chache zaidi.

Kuna uchunguzi mmoja wa Marekani ambao napenda kuutaja, kwa tahadhari. Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, wataalamu wa mambo ya kazi, waliandika mwaka 2001 kuhusu wafagiaji wa hospitali. Wafagiaji hao walikuwa na kazi ileile kwenye hospitali ileile. Baadhi walisema wanafagia, basi, na hawakuipenda kazi. Wengine walikuwa wanaangalia mgonjwa gani hatembelewi na mtu, wanamsemesha, wanapanga ufagiaji wao usimkwaze muuguzi. Hao walijiona ni sehemu ya kuponya watu, na waliifurahia kazi zaidi. Tahadhari yangu ni hii: mabosi wanaipenda sana hadithi hiyo kwa sababu haiwagharimu hata shilingi. Wakikusimulia kwenye mkutano wa wafanyakazi, sikiliza kwa sikio moja, la pili liache kwenye karatasi ya mshahara. Ukipanua kazi yako, ipanue kuelekea kule unakotaka kwenda wewe.

Mwalimu wa Umoja, kwako nitasema kifupi kwa kuwa sehemu yako unaijua. Darasa lina watoto wengi, mitihani ni ya mkuu wa shule, karo ni ya mwenye shule. Chagua watoto watatu wasioweza kusoma. Watatu tu. Fuatilia kila wiki wamefika wapi, andika. Ukiona mmoja amesoma ukurasa bila kukwama, kengele ya Jumatatu haitakuwa nzito vile.

Najua wengi mtanijibu, "Dada, hamu yangu ni watoto wangu." Mmeniandikia hivyo sana. Nami sina neno na upendo wa mzazi, ila nina wasiwasi na mzigo tunaombebesha mtoto. Mtoto anaweza kukutoa kitandani. Saa tisa mchana, joto la godauni likipanda, hawezi kukushikia kazi. Na ukijiambia kila siku kwamba unateseka kwa ajili yake, siku moja utamwambia yeye mwenyewe, akiwa amefeli hesabu, na kwa sauti kubwa. Nimekulia mtaa wa Jericho, sauti hizo zinapita ukutani. Mtoto hakukukopesha kitu, usimfanye mdaiwa wako.

Kwa hiyo kwenye kila mshahara toa kitu chako, hata kiwe kidogo: tiketi ya mechi, kitambaa, chapo na madondo Jumamosi ukiwa umeketi na si ukitembea. Wengi wetu mshahara ukiingia kwenye simu unamezwa na mkopo wa Fuliza kabla hatujauona. Hilo linaua moyo kimyakimya, kwa sababu mwezi mzima unakuwa unaufanyia kazi mwezi uliopita. Ukiweza kupunguza deni hilo kidogokidogo mpaka siku ya mshahara upate hata mia tano isiyodaiwa, utashangaa miguu inavyokuwa myepesi tarehe moja.

Angalia pia unaketi na nani saa ya chakula. Kwenye kila kibandaski nje ya kiwanda kuna benchi la watu wanaolalamika vizuri kuliko redio. Mimi pia napenda kulalamika, ni starehe ya bure. Lakini tafuta hata mmoja wa kuzungumza naye habari ya kwenda mbele. Mkipatikana watano, anzisheni chama chenye kusudi moja: kila mwezi mmoja analipiwa ada ya mtihani wa ufundi, au ya leseni ya udereva, au kozi ya jioni. Vyama vya kununuliana sufuria tunavyo vya kutosha.

Sasa wale mlioniuliza kama ni sawa kuacha tu, kuzima simu na kutorudi. Ninajua raha ya kuwaza hivyo. Usifanye. Kama unalipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi ya maandishi ya siku 28 isipokuwa mkataba wako umetaja muda mrefu zaidi. Iandike, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri au itiwe sahihi ubaki nayo. Dai malipo ya siku zako za likizo ambazo hukuzitumia. Dai cheti cha utumishi kinachoonyesha ulianza lini, uliacha lini na ulifanya kazi gani. Mwajiri lazima akupe kama umefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, hata kama mmeachana kwa ugomvi. Wakikuzungusha, ofisi ya kazi ya serikali inapokea malalamiko bila ada, na nenda Jumanne au Jumatano, Jumatatu foleni inafika nje.